Mche unaoua kimelea, unaokichelewesha na unaoishi nacho: upi upande wapi?

Ukienda kununua vijiti vya muhogo Bweyale, au miche ya kahawa Mukono, muuzaji atakuambia jambo lile lile: "Hii haishikwi na ugonjwa." Nyuma ya maneno hayo kuna mimea ya aina tatu. Wa kwanza unaua kimelea pale pale kinapoingia. Wa pili unakiacha kiingie, lakini unakibana hadi kinakwenda kwa kujikokota. Wa tatu umeshikwa kweli, kimelea kimo mwilini, ila unaendelea kuzaa. Siku ya kununua yote mitatu ina majani ya kijani na inapendeza. Tofauti inajitokeza msimu wa tatu, au mwaka wa kumi, na wakati mwingine inajitokeza kwa jirani yako kabla ya kwako.

Hapa nalinganisha hizo njia tatu kwa mazao tunayolima Uganda: viazi mviringo, kahawa, muhogo na ndizi. Msimamo wangu nautoa mapema. Njia iliyo bora inategemea mambo mawili: zao litakaa ardhini muda gani, na mbegu ya msimu ujao itatoka wapi.

Kinachotokea ndani ya jani

Mmea hauna damu ya kusafirisha askari wa kinga kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Kila seli inajilinda yenyewe. Nje kuna ngozi ya nta na kuta ngumu za seli, na vile vitundu vidogo vya kupumulia vya jani hujifunga vikihisi bakteria. Mvamizi akipita hapo, juu ya seli kuna vipokezi vinavyotambua vitu ambavyo vimelea hawawezi kuishi bila ya kuwa navyo: kitini ya kwenye kuta za ukungu, au protini inayojenga mkia ambao bakteria huogelea nao. Kipokezi kikigusa kitu hicho, seli inaongeza unene wa ukuta wake, inatoa haidrojeni peroksaidi na kutengeneza kemikali za sumu. Vimelea wengi mno huishia hapo. Ndiyo sababu muhogo wako hauugui kutu ya ngano hata upepo ukiuleta unga wake shambani.

Vimelea wachache waliobaki, hao wanaotutia hasara, wana ujanja zaidi. Wanaingiza protini zao ndani ya seli ili kuuzima huo ulinzi wa kwanza. Nayo mimea mingine ina vipokezi vya ndani, kila kimoja kikiwa macho kwa protini moja au chache tu za mvamizi. Kikiitambua, seli inajiua pamoja na majirani zake wa karibu, na mvamizi anabaki katikati ya tishu iliyokufa bila chakula. Mmarekani Harold Flor alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1940 kwa kuchunguza kitani na kutu yake huko North Dakota: jeni moja ya mmea inakabiliana na jeni moja ya kimelea. Ugomvi wote wa kuchagua mbegu unaanzia hapo.

Mche unaoua: nguvu nyingi, msingi mwembamba

Chukua jani la kiazi mviringo Kabale wakati wa mvua na baridi. Likiwa la aina isiyo na kinga dhidi ya ukungu wa bakajani, utaona doa la rangi ya maji linalopanuka, na ukiligeuza jani asubuhi unakuta utando mweupe pembezoni mwa doa. Huo ndio ukungu ukitoa mbegu zake. Shamba zima linaweza kusinyaa ndani ya wiki moja au mbili. Likiwa la aina yenye jeni inayoua, utaona vidoa vya kahawia vidogo kama kichwa cha pini, vikavu, havipanuki, na chini hakuna utando. Seli zimejiua, na ugonjwa umeishia hapo.

Kwa macho hakuna ulinzi mzuri kuliko huo. Hupigi dawa mara kwa mara, na ukungu hauzaliani kwako kwenda kwa mwenzako. Ubaya ni kwamba kila kitu kimening'inia kwenye jeni moja kutambua protini moja. Kimelea kikibadilisha protini hiyo au kuiacha, kipokezi kinabaki kipofu na zao linaanguka lote kwa pamoja, kwa sababu kila mche una kipokezi kile kile.

Mmoja wa mifano mikubwa duniani ulitokea hapa hapa kwetu. Mwaka 1998 wataalamu waliona kutu ya shina kwenye ngano huko Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda, tena kwenye ngano iliyokuwa na jeni Sr31. Jeni hiyo ilitoka kwenye rai, nafaka iliyo ndugu wa ngano, ikaingizwa kwenye ngano, na kwa miongo mingi ikazilinda nchi nyingi. Aina ile ya kutu ikaitwa Ug99, kwa jina la nchi yetu na mwaka 1999 ilipothibitishwa. Baadaye ilionekana Kenya, Ethiopia, Sudani, Yemeni hadi Irani. Uganda hailimi ngano nyingi, lakini funzo la Kalengyere linamhusu kila anayenunua mbegu: kinga ya jeni moja ikienea mashamba yote, inampa kimelea sababu moja tu ya kubadilika.

Wafugaji wa mbegu, yaani wataalamu wanaozalisha aina mpya za mazao, wanajibu kwa kuweka jeni kadhaa pamoja, ili kimelea kilazimike kubadilika mara tatu kwa mpigo. NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na Kituo cha Kimataifa cha Viazi wamejaribu hivyo huko Kachwekano kwa kuchukua kiazi aina ya Victoria, ambacho wakulima wanakipenda ingawa bakajani inakimaliza, na kukitia jeni tatu kutoka kwa viazi mwitu vya Amerika. Ni kazi nzuri ya uhandisi jeni, lakini duka la pembejeo la kawaida halitakuuzia. Kwa hiyo mkulima wa Kigezi, eneo la Kabale, bado anachagua kati ya kupiga dawa mapema na kutafuta aina zenye ukinzani wa kiasi.

Mche unaochelewesha: hauvutii macho, lakini unadumu

Ukinzani wa aina ya pili hautokani na jeni moja kubwa. Ni nyingi ndogo ndogo. Moja inafanya ukuta wa seli uwe mnene kidogo, nyingine inatoa kemikali mapema kidogo, nyingine inapunguza wingi wa mbegu za ukungu kwenye kila doa. Ukiuangalia mche huo unaona ugonjwa, ndiyo maana wengi wanaukataa. Lakini hesabu ya msimu ni tofauti. Doa likichelewa siku chache kukomaa, na likitoa mbegu chache, ugonjwa hauna muda wa kuzunguka mara nyingi kabla ya mavuno.

Kimelea hakiwezi kuushinda ulinzi huo kwa badiliko moja, maana hakuna mlango mmoja wa kuvunja. Kwa zao linalokaa ardhini miaka mingi, mimi ndio ninaouchagua.

Kahawa ya robusta ni mfano wake. Mnyauko wa kahawa ulionekana Bundibugyo mwaka 1993, na katika miaka kama kumi hivi uliua karibu nusu ya miti ya robusta ya nchi hii. Ni ukungu wa jamii ya fusari, unaoingia kwa vidonda chini ya shina: panga, jembe, kamba ya mbuzi. Ukishaingia unakaa kwenye mirija ya maji. Mti nao hujitetea kwa kuziba mirija hiyo ili ukungu usipande, na hapo unakuwa mbio: ukiziba mapema unajiokoa, ukichelewa ukungu umeshapita na mti unajinyima maji wenyewe. Ukikwangua gome la mti unaonyauka, chini yake mbao ina rangi ya buluu inayokaribia weusi. Ukiiona rangi hiyo usingoje mti ukauke wote. Ng'oa na uchome hapo hapo, bila kuuburuta kuvuka shamba.

Taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Kituza, Mukono, ilitoa aina zinazohimili mnyauko, zinazojulikana kwa majina ya KR1 hadi KR10. Hizi huzalishwa kwa vipandikizi, kila mche nakala ya mama yake. Ukizilinganisha na miche ya mbegu, ile ya mbegu ni rahisi kupata na bei yake ni ndogo, lakini kila mmoja una mchanganyiko wake, na baadhi itakufa mnyauko ukifika. Vipandikizi vya KR vinakupa uhakika zaidi, lakini ukipanda namba moja tu umerudia kosa la Kalengyere kwa mlango wa nyuma.

Isitoshe, robusta haijichavushi yenyewe. Chavua ya KR fulani haizalishi kwenye mti mwingine wa KR hiyo hiyo, hivyo shamba la namba moja litatoa maua mengi na punje chache. Wewe nunua namba kadhaa uzichanganye, mistari kwa mistari. Unapata mazao na unampa ukungu kazi ngumu kwa wakati mmoja. Na usitarajie KR ikukinge na kila kitu: yule mdudu mweusi anayetoboa matawi hajali kabisa kwamba mti wako unahimili mnyauko.

Wengine huuliza kwa nini wafugaji wa mbegu wasiweke kinga zote kwenye mche mmoja. Kinga ina gharama. Mmea ambao ulinzi wake umewaka muda wote hudumaa, kwa sababu sukari ya kujengea mbegu na mizizi inaliwa na kazi ya kujilinda. Mche mzuri ni ule unaowasha ulinzi haraka inapohitajika na kuuzima baadaye.

Mche unaovumilia, na kwa nini muhogo unanisumbua

Kwenye muhogo adui ni virusi, na mapambano yake ni mengine. Seli inatambua nakala za vinasaba vya virusi na kuzikatakata vipande vidogo, kisha inatumia vipande hivyo kutafuta na kukata vingine vinavyofanana. Virusi navyo hubeba protini za kuuvuruga mkasi huo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali, ugonjwa wa virusi unaokunja majani na kuyatia mabaka, ilianza kaskazini mwa Luwero, ikasambaa na inzi weupe. Katika miaka ya 1990 ilifika Teso na kuifuta Ebwanateraka, muhogo ambao watu wengi huko walikuwa wakiutegemea, na njaa ikaingia majumbani. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba kulikuwa na virusi vipya, vilivyoungana kutokana na vipande vya virusi viwili vya batobato. Vikikutana na virusi vya zamani ndani ya mche mmoja ilikuwa balaa zaidi, kwa sababu kila kimoja kinavuruga mkasi wa mmea mahali tofauti.

Aina za NASE, mihogo iliyoboreshwa na watafiti wetu, ndizo zilizorudisha chakula. Kinga dhidi ya batobato ambayo wafugaji wa mbegu wameitegemea sana inaitwa CMD2, ilitoka kwenye mihogo ya asili ya Afrika Magharibi, na ingawa inarithiwa kama jeni moja, imedumu kuliko wengi walivyotarajia. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulielekeza kidole kwenye chombo ambacho mmea wenyewe hukitumia kunakili DNA yake. Virusi vya batobato havina chombo chao cha kunakili, vinaazima cha mmea. Chombo kikibadilika kidogo, mmea unaendelea na kazi zake ila virusi havizaliani vizuri. Kinga ya namna hiyo si kama kipokezi kinachosubiri protini fulani, na pengine hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake.

Basi tulipokuwa tunashangilia, mwaka 2004 ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia katika maeneo ambayo hatukuuzoea. TME 204, muhogo mtamu uliokuwa unaicheka batobato, ukaanguka kwa michirizi. Kinga ile ilikuwa ya batobato, haikuwa ya kila virusi.

Michirizi ni mbaya kwa sababu inajificha. Juu unaona majani yaliyosimama vizuri, labda ya chini yana manjano kando ya mishipa, na shina lina michirizi ya kahawia kwenye sehemu changa. Ukichimba, mzizi una umbo zuri. Ukate vipande kwa kukingama, si sehemu moja tu ila tatu au nne, maana uozo unaweza kuwa upande mmoja na mwingine ukawa mweupe. Utakuta madoa ya kahawia makavu, magumu kama kizibo, ambayo hata ukichemsha hayalainiki. Nimewaona akina mama wakikaa chini kumenya gunia zima na kubaki na ungo mmoja wa kula. Hilo linaniuma kuliko batobato, ambayo angalau inakuonya kwa majani.

Aina za muhogo NASE 14 na NAROCASS 1 ndizo zinazopendekezwa, na mimi pia nazipendekeza. Lakini ujue unachonunua. Dhidi ya batobato zina ukinzani wa kweli. Dhidi ya michirizi zina uvumilivu: virusi vinaweza kuwemo, mizizi ikaharibika kidogo au ikachelewa kuharibika. Hapo ndipo mambo mawili yanapogongana. Kwako wewe, mche unaovumilia ni chakula mezani. Kwa jirani mwenye aina ya kienyeji isiyo na kinga, shamba lako ni ghala la virusi, na inzi weupe hawaulizi mpaka. Kila mara ukikata vijiti kutoka shamba lile lile, virusi vinaingia navyo kwenye mche mpya, na uvumilivu wa mwaka wa kwanza haufanani na wa mwaka wa nne.

Kwa hiyo kwa muhogo silinganishi aina tu. Nalinganisha na chanzo. NASE 14 safi kutoka kwa mzalishaji aliyekaguliwa ni bora kuliko NAROCASS 1 iliyozunguka kijijini miaka mitano. Kama huwezi kununua vijiti vya ekari nzima, nunua vya kipande kidogo, uvipande mbali na muhogo wa zamani, ng'oa kila mche unaoonyesha dalili katika miezi mitatu ya mwanzo, halafu hicho kipande ndicho kiwe mama wa shamba lako.

Ndizi: pale ambapo hakuna cha kuchagua

Mnyauko wa bakteria wa migomba ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, Mukono, na kwa matoke yetu hakuna aina ya kula unayoweza kuinunua leo ikauua. Mgomba mwitu unaozaa mbegu, Musa balbisiana, unaukinza, lakini hauliki. Watafiti wa kituo cha Kawanda na wenzao wameingiza jeni kutoka pilipili hoho na nyingine kutoka mpunga mwitu, na migomba ya majaribio ilionyesha kinga nzuri. Zimebaki kwenye majaribio.

Kilichopo ni kukwepa. Aina ya ndizi iitwayo Nakitembe ina magamba ya ua dume yasiyodondoka, hivyo hayaachi vidonda vibichi ambavyo nyuki na wadudu wengine wangeingizia bakteria. Kayinja, aina nyingine ya ndizi, ni kinyume chake, ndiyo inayoshikwa kwanza. Lakini hata Nakitembe itaugua ukiikata kwa panga lililotoka kwenye mgomba mgonjwa, kwa sababu kukwepa kunafanya kazi kwenye mlango mmoja tu. Vunja ua dume kwa mti wenye panda mara tu kichane cha mwisho kinapotoka, usitumie kisu. Pitisha panga kwenye moto au kwenye jiki kabla ya kwenda shina lingine. Shina likianza kunyauka au ndizi zikiiva kabla ya wakati, likate chini kabisa. Ukilikata utaona uji wa manjano ukitoka, na huo ndio bakteria wenyewe.

Kuna mgomba chotara wa Kawanda, Kabana 6H, unaoitwa Kiwangaazi, uliotolewa mwaka 2010. Unapunguza vizuri sigatoka nyeusi, ukungu unaokausha majani. Ununue kwa sababu hiyo, na ladha yake uionje kwanza. Usiununue kwa matumaini kwamba utakuondolea kazi ya kuvunja maua.

Mimi ningechagua hivi

Kwa zao la miezi mitatu au minne ambalo mbegu yake unanunua upya, jeni kali ni sawa. Ikivunjika unabadilisha msimu ujao na hasara yako ina mwisho. Mkulima wa viazi anayeipata mbegu ya namna hiyo aichukue, ila asiache kukagua chini ya majani. Utando mweupe ukionekana kwenye aina ambayo mwaka jana ilikuwa na vidoa vikavu tu, mwite afisa ugani wiki hiyo hiyo.

Kwa kahawa, na kwa mti wowote utakaomwachia mtoto, nenda na ukinzani wa pole pole, tena wa aina zilizochanganywa. Gharama ya kung'oa kahawa ya miaka minane ni kubwa mno kuiweka juu ya jeni moja.

Muuzaji akikuambia mche wake haushikwi, muulize ugonjwa upi kwa jina. Muulize pia kama mche ukishikwa unaonyesha dalili. Anayejua mali yake atakujibu hapo hapo. Anayesema "magonjwa yote", usimpe pesa.

Kwa muhogo unaovumilia michirizi, pima pia ujirani. Kama wote mnaozunguka mnapanda NASE 14 au NAROCASS 1 iliyo safi, uvumilivu unawatosha, na virusi vitabaki vichache. Kama mama wa upande wa pili bado ana muhogo wa kienyeji ambao familia yake inaupenda, usipande vijiti vyako vilivyochoka kandokando ya mpaka wake. Nenda mzungumze kabla ya mvua za Machi, mgawie vijiti safi kama unavyo, na mkubaliane siku ya kupita pamoja mashamba yote mawili kung'oa miche yenye dalili.